Majina Yalikuja na Meli, Vitenzi ni Vyetu

Simama nusu saa kwenye gereji yoyote ya chini ya mwembe baina ya Ukunda na Bongwe, mahali ambapo Prado, Pajero na Escudo za zamani zimepangwa boneti wazi, uwasikilize mafundi wakizungumza. Utasikia rejeta, gasketi, hedi, noozi, bushi, sili, shasi, krenki. Anayekipenda Kiswahili anaweza kuondoka hapo na majonzi, akidhani lugha yake imebaki kuazima tu. Majonzi hayo hayana msingi. Majina ya vyuma yalishuka bandarini pamoja na vyuma vyenyewe, kama yalivyoshuka majina ya bidhaa nyingi kabla yake. Lakini namna vyuma hivyo vinavyougua, vinavyolia na vinavyochoka husemwa kwa vitenzi, na vitenzi hivyo karibu vyote ni vyetu. Kwa mwenye gari lililotembea sana, kitenzi kina faida kuliko jina.

Magari haya yana umri. Kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Prado ya 1998 unayoiona leo kwenye barabara ya Lunga Lunga, kwa kawaida, ilikuwa imeshaingia kufikia 2006, na tangu hapo inakula vumbi na chumvi. Watu huusoma umri huo kwenye nambari ya usajili: nambari za KD zilianza 2020, na gari la KA ni la kizazi kingine kabisa. Kwenye dashibodi wanausoma kwa laki. "Hii ina laki tatu," husema dalali, na kila mtu ameelewa. Neno laki lilitujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara, nalo limepata kazi mpya inayolifaa sana. Injini nyingi za dizeli za Toyota za miaka ya 1990 zina mkanda wa taimingi, na taa iliyoandikwa T-BELT huwaka kila kilomita 100,000. Laki moja, mkanda mmoja. Mwenye gari la laki tatu anapaswa kujua kila mkanda ulibadilishwa lini na nani, kwa kuwa taa hiyo yaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, injini ikafa papo hapo.

Tuanze na mafuta yanayotoka pasipotakiwa. Lala chini ya gari la umri huo, hukosi kuona unyevu mahali fulani. Fundi hodari haridhiki kusema kwamba gari linavuja. Akiona sili ya nyuma ya krenki ina utando wa oili ulioshika vumbi, lakini hakuna kinachoanguka, atakwambia, "Mzee, hii inatoa jasho tu." Jasho hupanguswa, kisha hutazamwa tena baada ya mwezi. Tone likining'inia na kuanguka, inatona: weka kadibodi chini usiku, uhesabu matone asubuhi, na upime oili kabla ya kuwasha. Michirizi ikianza kuteremka, inavuja, na sili inataka kubadilishwa. Ikimwaga, gari halitoki hapo lilipo. Ngazi nne, na kila ngazi ina hatua yake na gharama yake. Sili yenyewe ni kipande cha mpira, lakini kuifikia lazima gia boksi ishushwe, na hiyo ni kazi nzito. Ukiambiwa inavuja kumbe inatoa jasho, umelipia kushusha gia boksi kabla ya wakati wake.

Sarufi nayo ni chombo cha kupimia. Mwenye gari akisema "inalia", fundi huinamisha kichwa asikie, maana kiambishi kimesema ni sasa hivi. Akisema "hulia", fundi husubiri sharti lifuate, kwa sababu hu- ni ya mazoea na mazoea yana wakati wake. Hulia nikikata kona: mashaka yaelekea kwenye jointi za magurudumu ya mbele. Hulia nikikanyaga breki: pedi zimekwisha. Hulia asubuhi, injini ikipata moto inanyamaza: mkanda wa feni umelegea. Kisha kuna kurudufisha kitenzi. Gari linalozimika na gari linalozimikazimika hayana ugonjwa mmoja. La kwanza huenda limekatikiwa na dizeli. La pili huenda lina waya unaogusa na kuachia, au bomba linalovuta hewa kidogo kidogo. Hitilafu za kuja na kwenda ndizo ngumu kuliko zote katika gari la zamani, na Kiswahili kinazitenga na nyingine kwa kurudia shina tu.

Sikiliza pia mwisho wa kitenzi. "Waya umekatika" ni habari ya umri: mtikisiko, joto, miaka. "Waya umekatwa" ni habari ya mtu: aliyefunga redio au king'ora zamani, akaunga waya kwa haraka na kufunika kwa utepe. Boliti iliyolegea na boliti iliyolegezwa hazianzishi uchunguzi mmoja. Kauli ya kutendeka humpa fundi njia ya adabu ya kueleza uharibifu bila kumtaja fundi mwenzake, na kauli ya kutendwa humpa njia ya kumtaja anapoona ni lazima. Mwenye gari akisikia fundi wake ametoka kwenye -ka na kuingia kwenye -wa, na aulize maswali zaidi. Historia ya gari lake imeanza kusimuliwa.

Kitenzi ninachokipenda kupita vyote ni kuchemsha. Panda kutoka Kombani kwenda mji wa Kwale, ulio juu mita zipatazo 400, ukiwa na abiria na mizigo wakati wa kaskazi, huenda ukaona Prado pembeni imefunguliwa boneti, mvuke unapaa. Watu husema gari limechemsha. Mwalimu mkali angetaka kusahihisha, aseme maji ndiyo yamechemka. Lakini wasemaji wamepatia: maji yamechemshwa, na aliyeyachemsha ni gari. Basi swali sahihi ni kwa nini gari limeyachemsha. Feni haishiki? Thamostati imeganda? Kifuniko cha rejeta hakihimili tena mgandamizo? Pwani yetu ya kusini kuna sababu nyingine ya kutazamwa. Visima vingi vya Diani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Karibu na ufuo yana chumvi pia. Ukiyatia kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, chokaa huganda ndani ya vijia vyake kama inavyoganda ndani ya birika. Kuongeza maji ya kisima kila Ijumaa ni kuahirisha ugonjwa na kuukuza. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini, na usingojee mara ya pili, hasa kama gari lako lina injini ya 1KZ-TE, ambayo hedi yake ya aloi inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa.

Adui anayemaliza magari haya hasa ni kutu, na hapo ndipo Kiswahili kina akiba isiyotumiwa. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, hewa ya ufuoni hubeba chumvi hadi kwenye maungio ya shasi. Wengi hupulizia oili chafu chini ya gari. Oili hiyo huzuia maji kwa muda, lakini hudondoka ardhini tunakochimba visima, na hulainisha na kuharibu mpira wa bushi. Kazi yenyewe ni njema. Dawa ndiyo mbaya. Na kazi hiyo ina majina ya zamani kwa mafundi wa majahazi. Kukalafati ni kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba yenye mafuta. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa sehemu ya chini ya chombo. Sifa ni mafuta ya papa yanayolinda mbao. Napendekeza bila kusita: kupaka shasi nta au grisi ya kuzuia kutu tukuite kudeheni, na kuziba maungio ya bodi tukuite kukalafati. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari, na leo hakuna dereva anayeona ajabu kuushika.

Yapo na majina ya gari zima. Mkweche ni gari lililoshindwa. Bovu halitembei. Chakavu latembea, lakini halikutunzwa. Kuukuu limezeeka, basi. Kongwe limezeeka likiwa na hadhi, na hadhi hiyo hutokana na daftari la matengenezo kuliko rangi ya bodi. Muuzaji akikwambia gari ni kongwe, mwombe daftari.

Orodha nyingi za istilahi nilizozisoma zimejaa nomino. Wanaozitunga, kuanzia BAKITA iliyoundwa 1967 hadi idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, wana nafasi ya kukaa gerejini na daftari na kuandika kutoa jasho, kutona, kuvuja na kumwaga kama istilahi kamili, kila moja na fasili yake, ili mwanafunzi wa chuo cha ufundi afundishwe anachokijua tayari fundi wa mwembeni. Nawe mwenye gari, usiende kwa fundi na jina la kipuri ulilokisia. Mwambie gari linafanya nini, lini, na baada ya nini. Ukimpa kitenzi kilichonyooka, umeshampa nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo ya kumlipa.