Kereng'ende katika Historia ya Bahari ya Hindi

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki huanza kufundishwa kwa majahazi. Tunaelezwa kwamba kaskazi ilileta wafanyabiashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kisha kusi ikawarudisha kwao. Katika insha hii ninadai kwamba tumemsahau msafiri mwingine wa pepo hizo, naye ni kereng'ende.

Kereng'ende ninayemzungumzia ana rangi ya manjano, na wanasayansi humwita Pantala flavescens. Fabricius alimwandika mwaka 1798 kutokana na kielelezo cha India. Hata hivyo, safari yake ya baharini ilielezwa kwa kina mwaka 2009 tu, na Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi. Kila Oktoba aliona kereng'ende wengi wakiingia katika visiwa hivyo vya matumbawe, ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi ya kutagia mayai. Alihitimisha kwamba walikuwa wapita njia, wakitoka India kuja Afrika Mashariki. Mwaka 2012, uchunguzi wa isotopi katika mabawa yao ulionyesha kwamba kweli walitoka kaskazini mwa Bara Hindi.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwezi wa Oktoba upepo wa chini huko Maldivi huvuma kutoka magharibi. Jibu la Anderson ni kwamba wadudu hawa huruka juu sana, zaidi ya mita 1,000, ambako upepo wa kaskazini-mashariki umekwisha kuanza.

Kwa nini wanahama? Huzaana katika madimbwi ya mvua, ambayo hukauka upesi, hivyo hulazimika kuifuata mvua. Anderson alikadiria mzunguko mzima kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, unaokamilishwa na vizazi vinne hivi.

Upepo huleta hasara pia. Nondo wanaozaa viwavijeshi husafiri nao usiku, na wakulima wa kwetu Uganda, kama wa Kenya na Tanzania, huwajua kwa mahindi yaliyoliwa.

Kwa kuhitimisha, kereng'ende anayetua pwani amezaliwa ng'ambo, na watoto wake watakaozaliwa huku wataondoka. Hivyo, tunapogawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wageni, tukumbuke kwamba bahari hii ilikuwa njia kabla ya kuwa mpaka.