Sushi Ilivyotoka Kibandani Hadi Meza ya Kifahari

Anayeketi leo kwenye kaunta ya mgahawa wa hadhi wa Kijapani, uwe Tokyo, London au Dubai, hukuta mbao zisizopakwa rangi, vyombo vya udongo, na mpishi akikata samaki mbele ya wageni wachache. Wengi hudhani utaratibu huo umerithiwa mzima mzima kutoka enzi za kale. Sivyo. Mlo huo una asili mbili, moja ya mabwana na nyingine ya wachuuzi, na sura yake ya sasa ilikamilishwa ughaibuni.

Asili ya kwanza ni sherehe ya chai. Sen no Rikyū (1522–1591), bingwa wa sherehe hiyo, alisisitiza unyofu: chakula kidogo, cha msimu wake, kilicholiwa kabla ya chai nzito. Hapo ndipo ulipoanzia mlo wa kaiseki, ambao baadaye migahawa ya Kyoto iliupamba ukawa mfululizo wa visahani.

Asili ya pili ni barabarani. Hapo zamani sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki. Alitiwa chumvi, akashindiliwa ndani ya wali na kuachwa miezi mingi achachuke. Kandokando ya Ziwa Biwa, sushi ya aina hiyo, iitwayo funazushi, ingali inatengenezwa hivyo. Wakazi wa Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, hawakuwa na subira hiyo. Katika miaka ya 1820, Hanaya Yohei alisifika kwa kufinyanga tonge la wali uliotiwa siki na kuweka kipande cha samaki juu yake. Siki ya machicha ya sake, iliyoletwa kwa meli kutoka mji wa Handa, ilitoa papo hapo ule ukali uliokuwa ukingojewa kwa miezi. Mteja alikula kwa mkono, amesimama kibandani, kisha akaenda zake. Kwa kuwa majokofu hayakuwapo, samaki alilowekwa kwenye siki au mchuzi wa soya. Minofu ya tumbo la jodari, ambayo leo huuzwa ghali mno, ilidharauliwa kwa sababu mafuta yake yaliharibika upesi.

Tetemeko la ardhi la mwaka 1923 liliibomoa Tokyo na kuwatawanya wapishi wake, nao wakaisambaza sushi ya Edo mikoani. Mwaka 1947, chakula kikiwa bado cha mgao, mteja alipeleka dukani mchele wake, kiasi cha gramu 150, akalipa ujira na kupewa vipande 10. Vibanda vya mitaani vilitoweka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sushi ikahamia ndani. Wakati huohuo meli za Kijapani zilianza kuvua jodari mbali na kwao, zikifika Bahari ya Hindi katika miaka ya 1950. Mwaka 1972 jodari wa Kanada aliuzwa katika soko la Tsukiji baada ya kuletwa kwa ndege.

Sura ya kisasa ilitokana na uhamiaji. Vibarua 790 wa Kijapani walifika Peru mwaka 1899 kwa meli ya Sakura Maru, wengi wao wakienda kwenye mashamba ya miwa. Mpishi Nobuyuki Matsuhisa alipokwenda Lima, mji mkuu wa nchi hiyo, kupika mwaka 1973, alikuta limau, pilipili na giligilani jikoni, akazitia katika samaki mbichi. Alifungua mgahawa wake Beverly Hills mwaka 1987, kisha Nobu huko New York mwaka 1994 akishirikiana na mwigizaji Robert De Niro. Mlaji mmoja alipokataa samaki mbichi, Matsuhisa alimmwagia samaki huyo mafuta ya moto na kuzaa chakula kipya. Samaki wake mashuhuri wa miso tamu, kwa upande mwingine, anafuata mbinu ya zamani ya Kyoto.

Mwaka 2007 mwongozo wa Michelin ulitoa orodha yake ya kwanza ya Tokyo, na nyota tatu zikafika hadi kwa Sukiyabashi Jiro, kaunta ndogo ya sushi iliyoko chini ya ardhi. UNESCO nayo ilipoorodhesha washoku mwaka 2013, ilitaja mila za mlo wa Wajapani, hasa za sikukuu ya Mwaka Mpya, na si migahawa ya kifahari. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mila za nyumbani zinahitaji kulindwa zisipotee; mgahawa wa kifahari umefika ulipo kwa kuazima na kubadilika.