Logi Zilipita Pwani Yetu

Shuleni tulikariri logi kama sheria tu. Hakuna aliyetuambia kwamba ziliwahi kupita kwenye bahari hii ya Ushongo, ndani ya meli.

John Napier, Mskoti, alichapisha majedwali yake mwaka 1614. Mwaka uliofuata Henry Briggs akamfuata Edinburgh, wakakubaliana kutumia 10: logi ya 100 ni 2, ya 1,000 ni 3. Kuzidisha kukawa kujumlisha! Ndo maana grafu yake hupanda kivivu: 10 hadi 100 hatua moja, 100 hadi 1,000 hatua moja tena.

Kapteni Owen alipopima pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1820, hesabu za namna hiyo ndizo zilizowachorea Waingereza ramani. Manahodha wa majahazi walipima nyota kwa kibao na kamba yenye mafundo, na walifika vilevile.