Fahamu mawasiliano ya siri ya wanamaji, kutoka Tongoni hadi mitandao ya data

TONGONI, kijiji kilichoko kilometa zipatazo 17 kusini mwa Jiji la Tanga, hujulikana zaidi kwa magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Maji yake nayo yana historia. Aprili 1498, merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya eneo hilo kabla ya mapambazuko, na mabaharia wake wakawajulisha wenzao kwa kupaza sauti. Januari 1499, wakati wa kurejea, merikebu hiyo ilichomwa moto huko huko kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Sauti hiyo ilimfikia kila aliyekuwa karibu, rafiki na asiye rafiki. Hadi leo, hilo ndilo tatizo kuu la mawasiliano ya wanamaji: kumweleza mwenzako unachokiona, kwa haraka, bila adui kusikia.

Gharama ya kushindwa ilionekana Tanga Novemba 1914. Jeshi la Waingereza, lenye askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilifika kwa meli likisindikizwa na manowari HMS Fox. Wanahistoria wengi huandika kwamba mawasiliano ya redio ya msafara huo yalipelekwa bila kufumbwa na Wajerumani wakayasikia. Paul von Lettow-Vorbeck akawaleta askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi, na kwa kikosi cha watu takriban 1,000 tu akawarudisha wavamizi melini.

Julai 1915, redio hiyo hiyo iliwafaa Waingereza katika delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka juu ya mikoko ziliwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey hadi manowari ya Kijerumani Königsberg ikaangamia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maneno ya mdomoni hayakutosha tena, kwani ndege na makombora yalikuwa na kasi kuliko ulimi wa mpelekaji habari. Ndipo ikaja mitandao ya data, ambayo kompyuta ya meli moja hupeleka picha ya rada yake moja kwa moja kwenye kompyuta ya nyingine. Link 11, iliyotumiwa na nchi za NATO tangu miaka ya 1960, ilipeleka biti 2,250 tu kwa sekunde. Meli moja huwa msimamizi na kuziita nyingine kwa zamu, mithili ya mwenyekiti wa kikao. Msimamizi akizimwa, kikao chote huvunjika.

Link 16 iliondoa udhaifu huo. Kila sekunde hugawanywa katika nafasi 128, na kila chombo hujua nafasi yake bila kuitwa. Mawimbi yake hurukaruka kati ya masafa 51, zaidi ya mara 70,000 kwa sekunde, hivyo ni vigumu kuyavuruga. Ujumbe hufumbwa kwa funguo zinazobadilishwa mara kwa mara, na asiye na ufunguo wa siku hiyo huambulia kelele. Link 22, iliyobuniwa kuchukua nafasi ya Link 11, hutumia pia masafa yanayovuka upeo wa macho.

Upeo huo ni jambo la kuzingatiwa sana katika pwani yetu. Boti mbili za doria zenye antena za meta nne kutoka usawa wa bahari huweza kuzungumza kwa redio ya kawaida ya VHF umbali wa kilometa 16 hivi, ilhali Mkondo wa Pemba una upana wa kilometa zipatazo 50. Mnara wa meta 100 ulioko pwani huifikia boti hiyo hadi karibu kilometa 49. Kwa hiyo mnara mmoja mrefu unaweza kuwa na faida kuliko boti ya ziada, ingawa mnara haupigiwi picha wakati wa uzinduzi kama boti.

Usiri nao una kasoro yake. Ufunguo hapewi kila mshirika. Manowari za mataifa mbalimbali, zikiwamo za China na India, zilipokusanyika kupambana na maharamia wa Somalia kuanzia 2008, zilibadilishana taarifa kwa mtandao wa Mercury, uliopita kwenye intaneti na haukuwa wa siri za kijeshi. Januari 2009 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizotia saini Kanuni za Djibouti, ambazo chini yake Dar es Salaam, Mombasa na Sana'a ziliteuliwa kuwa vituo vya kupashana habari.

Upande wa pili, mfumo wa AIS, unaolazimishwa kwa meli za kimataifa za tani 300 na zaidi, hutangaza jina na mahali ilipo meli kwa yeyote mwenye kipokezi. Majahazi hayabanwi na sharti hilo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi katika bahari ya nje ya Mombasa.

Kwa boti zinazolinda miamba ya Tanga dhidi ya wavuvi wa baruti, mitambo ya Link 16 ni anasa. Zinachohitaji ni redio ndogo zenye kufumba sauti, na utaratibu wa kuzifungia papo hapo zile zinazopotea. Doria inayotaja mwelekeo wake kwenye chaneli ya wazi humpa mwenye baruti muda wa kutosha kurudi pwani na kuanika nyavu zake.