Kipilefti cha Nnantawetwa

Barabara ya Kabakanjagala imenyooka kama uzi kutoka lango la Lubiri, ikulu ya Mengo, hadi Bulange kwenye makao ya Lukiiko, bunge la Buganda. Katikati yake pana kipilefti kilichopasuliwa na njia nyembamba yenye geti, na geti hilo karibu siku zote limefungwa. Gari la waziri huzunguka, la polisi huzunguka, na bodaboda iliyobeba mikungu ya matooke nayo huzunguka. Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake ndiye anayefunguliwa akapita moja kwa moja, na ndiyo maana Waganda wanakiita Nnantawetwa, yaani kisichopindishwa. Wengi huona mila hapo, wakapiga picha wakaenda zao. Mtu akitaka kuelewa kwa nini Kampala haitawaliki, aanzie kwenye geti hilo. Magazeti husimulia migogoro ya jiji kama ugomvi wa watu, meya huyu na mkurugenzi yule, lakini watu wamebadilika mara nyingi na mgogoro umebaki palepale. Jiji hili halijawahi kuwa na serikali moja inayowajibika kwa wote wanaoishi ndani yake, na chanzo chake ni mpaka uliochorwa kabla babu zao hawajazaliwa.

Frederick Lugard, wakala wa Waingereza, alipofika Desemba 1890 hakukuta pori. Alikuta Kibuga, mji wa Kabaka Mwanga, uliopangwa kwa akili ya pekee: boma la kila mkuu wa ssaza, yaani jimbo, lilikaa upande ule ule wa ikulu ambako ssaza lake lilikuwa, hivyo mji wote ulikuwa Buganda iliyokunjwa ikaenea kwenye vilima vichache. Amri ilishuka kutoka kwa Kabaka hadi ssaza, gombolola na muluka, na ngazi hizo Waingereza wakazipenda kiasi cha kuzisambaza Uganda nzima, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme. Lugard akapiga kambi kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Mkataba wa Machi 10, 1900 ukaigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, sehemu kubwa ikawaangukia Kabaka, ndugu zake na machifu, na hapo likazaliwa neno mailo. Mji wa wakoloni ukahamia kilima cha Nakasero, ukatangazwa rasmi 1906. Tangu hapo miji ikawa miwili: Kampala ya Wazungu na wafanyabiashara Wahindi chini ya sheria za Protektoreti, na Kibuga cha Mengo chini ya serikali ya Kabaka.

Mpaka huo ulikuwa na kazi. Kanuni za afya, ujenzi na taka zilikoma pale mji wa Protektoreti ulipokoma. Vibarua walijenga Nakasero mchana, jioni wakarudi kulala Kisenyi na Katwe, kwenye vyumba vilivyopangishwa juu ya ardhi ya mailo. Mwenye ardhi alichukua kodi yake bila kulazimika kuchimba hata mfereji. Serikali ya Mengo haikuwa na fedha za kuuchimba, nayo manispaa ilisema si eneo lake. Ernst May, msanifu wa Kijerumani, alipotoa mpango wake wa kuipanua Kampala 1947, aligeukia vilima vya mashariki, Kololo na Naguru, na Kibuga kikabaki kama kilivyokuwa. Siasa, hata hivyo, zilichemka upande usiopangwa: magazeti ya Katwe ndiyo yaliyoisumbua serikali, na mgomo wa 1959 wa kutonunua kwenye maduka ya wageni uliongozwa na Augustine Kamya, mtu wa Katwe.

Atatokea wa kusema kwamba Kibuga hakikuwa bora, maana Kabaka hakuchaguliwa, na mkulima aliyelipa busuulu, kodi ya ardhi, hakuwa na sauti Mengo. Ni kweli, wala sidai kwamba pale palikuwa na demokrasia iliyoporwa. Ila chini ya mfumo ule mkazi alimjua mkubwa wake, na mkubwa alikuwa na ardhi na amri mkononi mwake. Ukoloni ulivitenganisha viwili hivyo. Ardhi ikabaki kwa mmoja, amri ikaenda kwa mwingine, na mkazi akawa mpangaji wa wote wawili.

Uhuru haukulifungua fundo hilo. Kampala ikawa jiji 1962 na makao makuu yakatoka Entebbe. Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote likaivamia Lubiri, mwaka uliofuata tawala za kifalme zikafutwa, na 1968 Mengo ikaunganishwa na Kampala pamoja na Kawempe na Nakawa. Kwenye karatasi ukawa mji mmoja, lakini hati za mailo hazikuungana na kitu. Amri ya Rais Idi Amin ya 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, na wenye mailo na wenye vibanja, yaani wapangaji wa ardhi yao, wakaendelea kupatana wenyewe kwa wenyewe hadi Katiba ya 1995 ilipoirudisha mailo kisheria. Ukipanda leo kutoka Nakivubo kuelekea Mengo, unaweza kuuona ule mpaka kwa macho, kwa jinsi njia zinavyoacha kunyooka.

Kuna kipindi ambapo mambo yalikaribia kuwa tofauti. Mabaraza ya RC (Resistance Council), yaliyozaliwa katika vita vya msituni vya Luwero na kuingia mjini 1986, yalimtaka kila mkazi mtu mzima akutane na jirani zake wachague kamati ya watu tisa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mwenye nyumba na mpangaji wake walisimama mstari mmoja. Baadaye mabaraza hayo yakaitwa LC (Local Council), na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikayapa umbo yaliyo nalo. Hadi leo, ukitaka kupanga chumba, kufungua akaunti benki au kuchukua kitambulisho, utaambiwa ulete barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa. Utamkuta barazani kwake, au dukani, muhuri wa mpira umefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kidau cha wino. Atakuuliza unakaa kwa nani, atakuangalia usoni, atagonga, nawe utamwachia kitu kidogo. Kwa watu wengi wa Kampala, hiyo ndiyo serikali pekee inayowajua kwa jina. Na ndiyo iliyopuuzwa kuliko zote: baada ya kura za 2001, na baada ya mahakama kuamua 2007 kwamba kamati zile haziendani na mfumo wa vyama vingi, mstari haukupangwa tena hadi Julai 2018. Muhuri uliendelea kugonga miaka yote hiyo.

Huko juu mambo yalienda kinyume. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliiweka Kampala chini ya serikali kuu, na sheria ya 2010 ikaunda KCCA, mamlaka ya jiji, ambamo Meya Mkuu huchaguliwa na wananchi ilhali Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais na ndiye mwenye kitabu cha fedha. Jennifer Musisi akateuliwa, Erias Lukwago akachaguliwa, na Novemba 2013 madiwani wakapiga kura kumwondoa Lukwago. Wapiga kura wakamrudisha 2016. Watetezi wa mfumo huu wana hoja nzito, nami siidharau: halmashauri ya awali ilinuka rushwa, na chini ya Musisi mapato yalipanda zaidi ya maradufu na barabara zikawekwa lami. Lakini hayo yanathibitisha kwamba ofisi yenye fedha na mamlaka inaweza kufanya kazi. Hayathibitishi kwamba ni lazima mwenye ofisi asichaguliwe. Kwa mkazi wa mtaa wa Bwaise aliyefurikiwa na maji, ni mpangilio ule ule wa 1906: aliyemchagua hana fedha, na mwenye fedha hakumchagua.

Agosti 10, 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Taka zilikuwa za Kampala, lakini Kiteezi iko wilaya ya Wakiso, nje ya mpaka wa jiji. Mwezi uliofuata Rais alimfukuza Mkurugenzi Mtendaji aliyekuwa amemteua mwenyewe. Waliofukiwa hawakuwa na kura hata moja kwenye baraza la jiji lililokuwa likimwaga taka zake mlangoni kwao.