Denge la Mwaka 1991

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mwaka 1991, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, zangu nilikuwa nimekwisha kuzitia maji. Nilichokosa ni maneno.

Nilitaka nywele zijae juu na kupungua pembeni, kama za Christopher Reid, maarufu kwa jina la Kid, katika filamu ya House Party iliyotoka Marekani mwaka 1990. Nikamwambia kinyozi, "Kaka, ninyoe Kimarekani." Akaniuliza, "Marekani ipi?" Nikanyamaza. Naye akashika makasi na kitana, akafanya alivyoelewa. Niliondoka na kichwa mfano wa ndoo iliyobonyea upande mmoja.

Nyumbani baba hakucheka. Ujanani alikuwa katika Umoja wa Vijana wa TANU, ulioendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969, ukipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, kwa hoja kwamba vitu hivyo ni vya kigeni na vinatweza utamaduni wetu. Kwake yeye, kichwa changu kilikuwa ushahidi kwamba kazi ile ilikwenda bure. Akaniamuru nirudi nikanyoe upara.

Aliyeniokoa ni bibi. Alinizunguka, akanitazama, kisha akamgeukia baba: "Mwanangu, mwache mume wangu. Hili si denge tu? Mbona hata wewe nilikunyoa hivi ulipokuwa mdogo?"

Baba akakosa la kusema.

Denge ni neno letu la zamani: kunyoa nywele za pembeni na kuziacha za katikati ya kichwa. Tangu siku ile nimekuwa mwangalifu ninaposikia mtindo fulani ukiitwa wa kigeni. Nchini Malawi, serikali ya Kamuzu Banda iliwakataza wanaume kufuga nywele ndefu, hata watalii. Lakini katika miaka ya 1960 Wamarekani weusi walizifuga nywele zao za asili zikajaa kichwani, ili kuonyesha fahari ya asili yao ya Afrika. Nywele ni zile zile. Huku zinaitwa utumwa, kule uhuru.

Nami nimejifunza kuomba. Simtajii kinyozi nchi wala msanii. Namwambia aanze na namba 1 juu ya masikio, ambayo huacha takriban milimita 3. Apande kwa namba 2, milimita 6. Kisha namba 4, kama milimita 13, bila kuacha mstari unaoonekana. Juu asipitishe mashine kabisa: azichane kwa chanuo hadi zisimame, azisawazishe kwa makasi.

Baba alikwisha kufariki. Siku ile hakuomba radhi, wala sikutarajia. Ila jioni alinipitishia mkono kichwani, pale palipobonyea, akasema, "Huyu kinyozi wako hajui denge."