Leseni ya Jukwaa na Kibali cha Mtoto: Sheria, Sanaa na Utoto katika Pande za Bara za Mombasa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya pwani ya Kenya umeshughulika sana na matini na kidogo mno na umri wa anayeitenda. Tunajua wimbo unasema nini, una mizani ngapi na huimbwa katika hafla gani. Ni nadra kuuliza kama mwimbaji ana miaka kumi au arobaini, analipwa au halipwi, na ni nani aliyemruhusu asimame mbele ya watu. Makala haya yanakusudia kulifuatilia swali hilo la mwisho kwa kuzingatia maeneo matatu yaliyo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa: Likoni, Kisauni na Changamwe. Tunadai kwamba dola nchini Kenya imekuwa na aina mbili za ruhusa zinazomhusu mtoto msanii. Ya kwanza huchunga kauli inayotoka jukwaani. Ya pili ilipaswa kumchunga mtoto mwenyewe. Historia inaonyesha kuwa ile ya kwanza imekuwa na nguvu sikuzote, na ya pili imekuwa dhaifu.

Ruhusa kabla ya sheria

Si kweli kwamba mtoto wa pwani alikuwa akitumbuiza bila kanuni hadi serikali ilipofika. Kiswahili chenyewe kina msamiati mpana wa jambo hili: ruhusa, idhini, kibali, na baadaye leseni. Maneno matatu ya kwanza yana asili ya Kiarabu na hubeba maana ya uhusiano baina ya watu: mkubwa humwidhinisha mdogo, na mtu hupata kibali machoni pa wenziwe. Neno la nne limetokana na Kiingereza na hubeba maana ya karatasi, ada na ofisi.

Ngoma za jadi zilikuwa na mipaka yake ya umri. Mambo ya unyago hayakuwa ya kila sikio. Asiyechezwa hakuingia, na aliyechezwa alifungwa na kiapo cha kutoyatoa nje. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha uzito wa makungwi katika malezi hayo. Kwa upande mwingine, mtoto alitarajiwa kushiriki waziwazi penye kasida za Maulidi, akiwa chini ya mwalimu wake wa chuoni. Vivyo hivyo, katika vijiji vya Wadigo vya Likoni, watoto walijifunza sengenya kwa kuwatazama na kuwafuata wakubwa. Katika hali zote hizi ruhusa ilikuwa na mwenyewe: kungwi, mwalimu, mzazi au mkuu wa ngoma. Mtoto akidhurika, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Hatutaki kuupamba utaratibu huo. Kungwi aliweza kuwa mkali, na mtoto hakuulizwa kama anataka. Hoja yetu ni kwamba ruhusa na dhamana vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Daraja, feri na hoteli

Mabadiliko makubwa yaliletwa na njia na fedha. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na feri ya Likoni ikaanza mwaka 1937. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946, na katika miongo iliyofuata hoteli zikaenea Bamburi na Shanzu. Daraja jipya la Nyali lilipokamilika mwaka 1980, ufuo wa kaskazini ulikuwa tayari umekuwa soko la ngoma. Changamwe ilichukua njia nyingine. Ilikuwa makao ya reli, viwanda na, tangu 1963, kiwanda cha kusafisha mafuta. Wafanyakazi kutoka bara la Kenya walikuja na ngoma zao, na watoto wao wakakutana na jukwaa kupitia shule zaidi kuliko hoteli.

Ngoma ilipohamia hotelini, haikubadilika tu kwa kufupishwa ili ilingane na saa ya chakula cha jioni. Ilibadilika kisheria. Mtoto anayecheza matangani au harusini anashiriki katika mila. Mtoto huyo huyo akicheza hatua zile zile mbele ya wageni waliolipa, anafanya kazi. Mhakiki anayeziona ngoma hizo mbili kuwa matini moja anapitwa na jambo la msingi, kwa sababu hadhira, malipo na mwenye dhamana vyote vimebadilika.

Mwaka 1977

Uingereza ilikwisha kulikabili suala hili zamani. Sheria yake ya 1889 ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto iliwakataza watoto walio chini ya miaka saba kutumbuiza kwa malipo, na ikataka leseni kwa waliozidi umri huo na hawajafikia kumi. Sheria ya 1963 na kanuni za 1968 ziliongeza masharti ya saa za kazi, masomo, na mtu mzima wa kuandamana na mtoto. Kenya haikurithi utaratibu huo. Ilichorithi ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, iliyoanza kutumika Oktoba 1963, miezi michache kabla ya uhuru. Leseni ya sheria hii haikuuliza mtoto amelala saa ngapi. Iliuliza mchezo unasema nini.

Mwaka 1977 unazidhihirisha ruhusa hizi mbili bega kwa bega. Mwezi wa Novemba, serikali iliondoa leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliokuwa ukiigizwa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka huo huo zilitolewa Kanuni za Ajira ya Watoto chini ya Sheria ya Ajira ya 1976. Kanuni hizo zilitaka mwajiri apate ruhusa ya maandishi kabla ya kumwajiri mtoto. Aidha, zilikataza ruhusa hiyo kutolewa kwa kazi ya baa, hoteli, mkahawa au klabu yenye kuuza vileo, au ya kuwaongoza watalii, isipokuwa Kamishna wa Kazi aridhie kwa maandishi na mtoto awe na nakala ya ridhaa hiyo.

Msomaji wa Kisauni angeweza kudhani kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mtaa wake. Lakini zilitaja mahali pa kazi bila kuitaja sanaa. Kikundi cha ngoma kinacholipwa kwa jumla na meneja wa burudani huweza kudai kwamba watoto wake si waajiriwa wa mtu. Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1973 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1979, ulitoa njia. Kifungu chake cha nane kinaruhusu kibali cha mtoto mmoja mmoja kwa maonyesho ya sanaa, mradi kibali hicho kiweke kikomo cha saa na masharti ya kazi. Hata hivyo sheria kuu zilizofuata hazikuweka leseni mahususi ya namna hiyo. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimpa mtoto haki ya kucheza na kushiriki katika shughuli za utamaduni na sanaa. Sheria ya Ajira ya 2007 ikakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na ikawaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi zisizowadhuru wala kuwazuilia masomo. Baina ya haki ya sanaa na katazo la ajira pamebaki pengo, na mtoto anayecheza hotelini amesimama humo.

Pengo hilo si la nadharia tu. Ripoti ya UNICEF na serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono. Hatusemi kwamba ngoma ndiyo iliyowafikisha huko. Tunasema kwamba usiku wa hoteli una hatari zinazojulikana, na kwamba mtoto anayeingia humo kwa jina la utamaduni anastahili mtu mwenye dhamana juu yake.

Jukwaa la shule

Wakati huo ruhusa ya kwanza haikulala. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala na kuigizwa na Shule ya Wasichana ya Butere, ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoiondoa marufuku hiyo. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilihitaji tena amri ya mahakama ili iigize Echoes of War, mchezo wa mwandishi yule yule. Huko Nakuru, Malala alikamatwa na polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Kwa mwalimu wa Changamwe au Likoni anayetayarisha wanafunzi kwa tamasha, funzo ni wazi: dola huweza kulikusanya jeshi lake kwa sababu ya maneno yaliyo kinywani mwa mtoto.

Hitimisho

Wasanii wengi wa Kenya hulisikia neno leseni na kukumbuka Kamĩrĩĩthũ, na wana haki. Hofu hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo moja ya sababu zinazofanya wapenda uhuru wa sanaa wasite kudai kanuni za kumlinda mtoto msanii. Wakidai karatasi, huenda wakaletewa mkaguzi wa maneno.

Njia ya kutoka ni kuzitenganisha ruhusa hizi kabisa. Kibali cha mtoto kisiulize wimbo unasema nini. Kiulize mtoto atatumbuiza saa ngapi, atarudi Likoni kwa feri ya saa ngapi na nani, malipo yake yatashikwa na nani, kesho atakwenda shule, na kama yeye mwenyewe amekubali. Maswali manne ya mwanzo mila iliyajibu kwa njia yake kupitia kungwi, mwalimu na mzazi. Swali la tano mila haikuliuliza, wala kanuni za 1977 hazikuliuliza. Nasi wahakiki tunaporekodi ngoma za watoto na kuzichapisha kama mali ya jamii, tunapaswa kuanza na swali hilo.